Kusiliba herufi siyo kuijua sayansi



Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Septemba, watoto zaidi ya milioni moja wa nchi hii huingia katika vyumba vya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Kila mmoja huwa na kalamu ya risasi, kifutio na kichongeo. Katika somo la sayansi atasoma swali, atatazama majibu yenye herufi A hadi E, kisha atasiliba herufi moja katika fomu maalumu. Fomu hiyo itasomwa na mashine. Baadaye Baraza la Mitihani litatangaza matokeo, na sisi wazazi tutajua kama mtoto amefaulu au hakufaulu.

Leo napenda tujiulize swali moja: mtoto anayesiliba herufi sahihi, je, ameijua sayansi? Na yule anayesiliba herufi isiyo sahihi, je, ni kweli kwamba hajui kitu?

Nasema haya kwa sababu hivi karibuni nilikuwa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Wanaosafiri kwa basi kati ya Singida na Nzega wanaifahamu njia panda ya Misigiri. Hapo ndipo unapoiacha barabara kuu na kupanda kuelekea Kiomboi. Ni nchi ya alizeti, mtama, ng'ombe na wale kuku wa kienyeji ambao wakazi wa Dar es Salaam wanawajua vizuri wakiwa katika sahani.

Huko niliomba ruhusa kwa walimu wa shule moja ya msingi nizungumze na watoto wa darasa la sita kwa muda wa kipindi kimoja. Walikubali kwa moyo mkunjufu. Tuliketi chini ya mti nje ya darasa. Sikuwa na karatasi za maswali. Nilikuwa na fimbo moja, ndoo ya maji, yai bichi na pakiti ya chumvi.

Swali la kwanza lilihusu kivuli. Niliwauliza: "Mwezi wa sita, adhuhuri, ukitaka kukaa kivulini utakaa upande gani wa ukuta wa shule yenu?" Kijana mmoja, ambaye niliambiwa ndiye wa kwanza darasani, alisimama na kujibu kwa sauti ya kujiamini kwamba adhuhuri jua huwa utosini, kwa hiyo kivuli hakuna. Wengi walitikisa vichwa kukubaliana naye, kwa kuwa ndivyo wanavyoelewa kutoka katika madaftari yao.

Lakini mvulana mwingine, mdogo wa umbo, alinyoosha mkono akasema: "Mzee, mwezi wa sita kivuli kinakuwa huku," akaonyesha upande wa kusini. "Sisi tukichunga tunalaza mbuzi upande huu. Ikifika Krismasi tunawahamishia upande ule." Akaonyesha kaskazini.

Mtoto yule alisema kweli tupu. Kiomboi iko kama digrii nne kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini, na kivuli cha adhuhuri huangukia kusini. Fimbo ya urefu wa mita moja ikisimamishwa wima siku hizo hutoa kivuli cha zaidi kidogo ya nusu mita. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka, jua hupita kusini na kivuli huangukia kaskazini. Jua huwa utosini kwa Kiomboi mara mbili tu kwa mwaka, yaani mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Mchunga mbuzi huyo alikuwa ameyaona kwa macho yake mambo ambayo wenzake wanayasoma katika jiografia na sayansi, na hakuwa na habari kwamba anayajua.

Swali la pili lilikuwa la yai. Nilitumbukiza yai katika maji ya kawaida, likazama. Nikawauliza watoto tufanye nini ili lielee bila kuligusa. Palikuwa na kimya kwanza. Kisha wakaanza kubuni. Mmoja alisema tuongeze maji. Mwingine akasema tuyachemshe. Binti mmoja akaiona pakiti ya chumvi akasema, "Tutie chumvi." Tukatia, tukakoroga, tukatia tena. Yai likaanza kuinuka polepole hadi likaelea. Mkoa wenye maziwa ya maji ya chumvi, kama Ziwa Kindai pale mjini Singida, una somo hilo mlangoni.

Nikawauliza kwa nini. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Wengine walisema chumvi imelifanya yai kuwa jepesi. Wengine wakasema maji yamekuwa mazito. Walibishana vizuri kabisa, na mwalimu wao aliwaacha wabishane. Ndipo mtoto mmoja akapendekeza tulitoe yai tulirudishe katika maji yasiyo na chumvi. Tulifanya hivyo, na yai likazama kama mwanzo. Basi yai halikubadilika, kilichobadilika ni maji. Mtoto yule alikuwa amebuni jaribio. Hilo, ndugu wasikilizaji, ndilo jambo ambalo sayansi yote imejengwa juu yake.

Na siyo jambo geni kwa wakazi wa Iramba. Kule Sekenke, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa mwaka 1909 wakati wa Wajerumani, elimu iyo hiyo ya kitu kizito na kitu chepesi katika maji ndiyo inayomwezesha mchimbaji mdogo kuzungusha karai, mchanga ukachukuliwa na maji, dhahabu ikabaki chini.

Swali la tatu lilihusu kuku. Niliuliza: "Ugonjwa wa mdondo ukiingia kijijini na umepata chanjo, utaanza kuwachanja kuku wagonjwa au wazima?" Kijana wetu wa kwanza darasani alinieleza maana ya kinga neno kwa neno, kama ilivyoandikwa. Ilikuwa raha kumsikiliza. Lakini nilipomtaka ajibu swali, alisema tuanze na wagonjwa, kwa sababu wao ndio wenye shida zaidi.

Binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, alikataa. "Aliyekwisha ugua umechelewa," alisema. "Nyumbani mama anachanja walio wazima, tone moja kwenye jicho. Wanaoumwa tunawatenga." Nilipouliza baadaye, niliambiwa kwamba katika mitihani ya majaribio binti huyo huwa miongoni mwa wanaoshika mkia, na hakuna anayemtarajia aende sekondari.

Sentensi hiyo nimerudi nayo hadi Dar es Salaam. Hapa pana mtoto anayeelewa namna chanjo inavyofanya kazi kuliko anayeweza kuitamka maana yake, na mtihani hauna mahali pa kumwuliza. Mwaka ujao atasiliba herufi zake. Akikosa wastani wa kufaulu, tutaandika katika kumbukumbu zetu kwamba hajui sayansi.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba watoto wa vijijini wanajua kila kitu kwa sababu wanachunga mbuzi na kufuga kuku. La hasha. Watoto haohao waliniambia mwezi una mwanga wake wenyewe. Waliniambia ua la alizeti huzunguka kulifuata jua kuanzia likiwa changa hadi linapovunwa, na shamba la alizeti liko mita mia moja kutoka pale tulipokaa. Ukweli ni kwamba alizeti changa ndiyo inayolifuata jua. Ua likishakomaa hutulia, na kwa kawaida hutazama mashariki. Mwingine aliniambia mdondo unaletwa na upepo wa kiangazi. Kwa hiyo kuishi karibu na kitu siyo kukijua. Lakini kwa sababu niliwauliza na kuwasikiliza wakieleza, walimu wao na mimi tulijua mahali walipokwama. Kupima maana yake ni hiyo. Daktari hampimi mgonjwa ili ampange wa kwanza au wa mwisho, humpima ajue ampe dawa gani.

Sasa tuutazame mtihani wetu. Maswali ya kuchagua yana faida zake, nami nitakuwa dhalimu nisipozitaja. Yanasahihishwa haraka. Hayana upendeleo wa msahihishaji. Mtoto wa Kiomboi na mtoto wa Masaki wanasahihishwa na mashine ileile. Kwa nchi yenye watahiniwa zaidi ya milioni moja siyo jambo dogo. Lakini yana dosari ambayo hata hesabu za darasa la saba zinaionyesha. Mtoto akipewa maswali 40, kila moja lenye majibu matano, akasiliba akiwa amefumba macho, bahati peke yake itampa wastani wa maswali manane. Hatujasahau kwamba mwaka 2012 Serikali yenyewe ilikiri kuwa maelfu ya watoto waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Herufi walizichagua, nazo zikakubaliwa.

Suala hili si la leo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alilalamika kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa mtu wa kukumbuka mambo na kuyatoa anapotakiwa, na kwamba haifaulu kila mara kupima uwezo wake wa kufikiri. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mtihani wa mwisho usiwe ndio hakimu wa pekee.

Miaka hiyohiyo ulikuwapo mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioanza mwaka 1965 na kuzihusisha nchi kadhaa, zikiwemo zetu za Afrika Mashariki. Watoto walijifunza kwa kutumia mchanga, maji, wadudu na vitu vilivyopatikana bure. Ikafika wakati wa kuupima mpango huo nchini Kenya, na kazi hiyo akapewa mtaalamu mmoja, Eleanor Duckworth. Mama huyo alijiuliza swali hilihili letu. Je, nitawapimaje watoto waliofundishwa kufikiri, nikitumia karatasi inayopima kukumbuka?

Alichofanya ni kuweka vitu mbalimbali katika chumba, akawaingiza watoto kikundi kwa kikundi, akawaambia wafanye wanachotaka navyo. Yeye na wenzake wakawatazama na kuandika: mtoto huyu amepata wazo gani, amelifuata hadi wapi, ameacha baada ya muda gani. Watoto waliokuwa katika mpango ule walionekana kuwa na mawazo mengi zaidi na kuyafuata mbali zaidi kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Mtihani wa namna hiyo haukuhitaji mashine. Ulihitaji mtu mzima mwenye subira na macho.

Yuko pia mwenzetu Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, wakiyaacha yapoe ndipo wayaweke kwenye friji. Siku moja Mpemba aliona nafasi inakwisha, akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza tena mgeni aliyetoka Chuo Kikuu, Dakta Denis Osborne, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la fizikia. Jina la Mpemba likaenea duniani. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu jambo lile, na ubishi huo ni heshima kwa kijana aliyeamini macho yake.

Hebu fikiri. Kama Mpemba angeulizwa katika mtihani wa kuchagua ni maziwa yapi yataganda kwanza, ya moto au ya baridi, akasiliba yale aliyoyaona kwa macho yake, mashine ingemkata alama.

Mjini kwetu hali ina sura yake. Mzazi wa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza ananunua vitabu vya maswali ya miaka iliyopita, analipia twisheni ya jioni na ya Jumamosi, na mtoto anakariri majibu hadi anaota herufi. Anaweza kukuambia egemeo, mzigo na jitihada viko wapi katika nyenzo, lakini hajawahi kutumia mtaimbo kuinua jiwe. Anajua kuandika kwamba kipindupindu huenezwa kwa maji na chakula chenye uchafu wa kinyesi. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 na kusambaa mikoani, karibu kila mtoto wa shule alijua jibu hilo. Swali la kupima ujuzi siyo hilo. Swali ni hili: maji haya ni maangavu kama kioo, je, ni salama? Utajuaje? Mtoto anayejibu "ni salama, maana hayana taka" amefaulu mtihani na amejiweka katika hatari.

Basi tufanye nini? Sipendekezi tuufute mtihani wa taifa. Napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji maabara wala mfadhili.

Kwanza, watunzi wa mitihani waongeze maswali yanayomwonyesha mtoto jambo lililotokea na kumtaka aeleze sababu kwa sentensi zake, au aseme angefanya jaribio gani ili kujua. Kuyasahihisha maswali machache ya aina hiyo ni kazi, lakini ni kazi tunayoweza kuimudu. Kidato cha nne wanafanya mitihani ya vitendo katika fizikia, kemia na biolojia. Si sahihi kwamba mtoto asubiri miaka minne ya sekondari ndipo aulizwe mkono wake unajua nini, wakati wengi hawatafika huko.

Pili, mwalimu apewe nafasi ya kupima mwenyewe. Upo upimaji wa darasa la nne, na ipo mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024. Ni wakati mzuri. Vyuo vya ualimu, kikiwemo Kinampanda kilichoko hukohuko Iramba, vinaweza kuwafundisha walimu vijana kupima kwa ndoo, fimbo, kamba na kopo tupu. Najua darasa lina watoto 80, wakati mwingine 100. Kwa sababu hiyohiyo watoto wafanye kwa vikundi, vikundi vitano kwa juma, na mwalimu aandike jambo moja kwa kila kikundi: wamekwama wapi. Na mkaguzi akija ayaone madaftari hayo ayathamini, asiulizie wastani tu.

Tatu ni sisi wazazi. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini takriban mwaka 2010, ziliwafuata watoto hadi nyumbani kuwapima kusoma na kuhesabu, na zikatuamsha usingizini. Sayansi haikuwamo. Lakini hakuna anayemzuia mzazi kuifanya kazi hiyo jikoni kwake. Mwulize mtoto kwa nini maji ya mtungi ni ya baridi kuliko ya ndoo ya plastiki. Mwulize kwa nini nguo hukauka upesi penye upepo. Usimwambie jibu. Mwulize, "Utajuaje?" Kisha mwache ajaribu. Akikosea, umepata pa kuanzia. Ukiona hata wewe hujui, jaribuni pamoja, maana kuuliza si ujinga.

Watu watasema: hayo yote ni mazuri, lakini kinachompeleka mtoto sekondari ni alama. Ni kweli. Lakini akifika huko, masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyekariri maneno ya Kiswahili tu atalazimika kukariri upya maneno mengine. Aliyeelewa kwa nini yai lilielea atahitaji kubadili lugha tu, maana lile jambo lenyewe analo. Hata kwa hesabu ya alama, kuelewa kunalipa zaidi.

Na kwa wale ambao hawatafika sekondari, ambao bado ni wengi, shule ya msingi ndiyo sayansi yao yote. Watachanja kuku, watapima mbolea, watachemsha maji ya watoto wao, watasoma maelekezo ya sumu ya wadudu. Taifa litakula matunda ya uelewa wao, au litalipa gharama ya kutokuelewa kwao. Kwa hiyo tunapowapima tuwe tunapima kitu chenyewe, tusiishie kwenye kivuli chake.

Binti yule wa Kiomboi ana mwaka mmoja zaidi shuleni. Nilimwomba mwalimu wake amwulize maswali mengi zaidi kwa mdomo, naye aliniahidi atafanya hivyo. Ninyi mlio na watoto na wajukuu nyumbani, jioni ya leo mnaweza kuanza na yai na chumvi.